Urejeleaji wa Majina ya Faili katika Plan 9
Katika Unix, iliyoanzishwa Bell Labs mwaka 1969, jina la faili kwa kawaida lilirejelea kitu kilekile kwa kila mtumiaji. /dev/tty ilikuwa miongoni mwa vighairi vichache. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Rob Pike, Ken Thompson na wenzao waliugeuza ughairi huo kuwa kanuni ya Plan 9. Kila programu iliweza kuwa na eneo lake la majina, na seva za faili ziliwasilisha hata madirisha na mtandao kama faili. Hivyo /dev/cons ilimaanisha dirisha la programu iliyoitaja, sawa na neno “hapa” linavyomfuata msemaji. Nayo rc, programu ya Tom Duff ya kupokea amri, haikuhitaji orodha ndefu ya mahali pa kutafutia amri: saraka kadhaa ziliunganishwa chini ya jina /bin. Linux ilifuata mwaka 2002.