Maji, Chumvi na Pombe katika Njia ya Tabora

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za kitu ambacho msafiri wa zamani alikitafuta kabla ya pembe na kabla ya nguo, nacho ni maji mazuri.

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Mbele ya Mpwapwa palikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali. H. M. Stanley alipopita huko mwaka 1871, punda wake kadhaa walikufa, naye aliyalaumu maji ya Chunyo kwa uchungu wake. Katika nchi kavu kama ile jua huyakausha maji, na chumvi na magadi hubaki ardhini.

Msafara ulipofika Unyamwezi, wapagazi walikaribishwa kwa pombe ya mtama. Mtama huloweshwa, huachwa uote, huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Uji hupikwa, huachwa uchache kidogo, ndipo hutiwa kimea. Nguvu ya kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na chachu hugeuza sukari kuwa kileo. Lakini kimea hufanya kazi vizuri penye uchachu kidogo, na magadi ni adui wa uchachu. Kwa hiyo maji ya magadi huchelewesha kazi, na pombe huwa mbaya. Ule uji uliochacha huivunja nguvu ya magadi. Basi, desturi ya kuuacha uchache ina maana kubwa, ingawa wazee wetu hawakuwa na vipimo vya maabara.

Je, hatuwezi kuyachemsha tu maji ya chumvi? La. Moto huondoa baadhi ya chokaa, ile igandayo ndani ya sufuria, chumvi hauiondoi. Mvuke hupaa, maji hupungua, na chumvi huzidi. Ushahidi uko Uvinza, magharibi ya Tabora, karibu na mto Ruchugi. Huko watu walichemsha maji ya chemchemi katika vyungu mpaka chumvi ikabaki peke yake. Wataalamu waliochimba huko mwaka 1967 waliona kwamba kazi hiyo ilianza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Richard Burton alipita huko mwaka 1858, na chumvi ile ilichukuliwa mbali kwa biashara.

Katika Uingereza uko mji uitwao Burton upon Trent, jina sawa na la msafiri huyo. Maji ya visima vyake yana jasi nyingi, na kwa sababu hiyo pombe yake ilisifiwa sana katika karne ya 19. Watengenezaji wa miji mingine wakajifunza kutia jasi katika maji yao. Wao waliongeza walichokosa. Wapishi wetu walikishinda kilichozidi. Elimu ni moja.

Basi, wasomaji, kisima kikiwa na uchungu, msitumaini moto kukitengeneza. Changanyeni maji yake na ya mvua, au tafuteni kisima kingine. Waliopita Marenga Mkali walilijua jambo hili, na wengine walilijua wakiwa wamekwisha kupoteza punda wao.