Ngoma na Kanisa katika Nchi ya Usukuma

Leo twataka kuwapa habari za jambo ambalo wengi wetu twaliona kila Jumapili wala hatulifikirii, nalo ni ngoma ipigwayo kanisani. Mtu apitaye Shinyanga mjini au Geita mjini Jumapili asubuhi, wakati wa kiangazi, atasikia ngoma na kayamba na sauti za kwaya toka kanisa hili hata lile. Wanafunzi wetu hudhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sivyo. Ngoma ilikaa nje ya mlango miaka mingi, na kuingia kwake kulizua maneno mengi. Basi tueleze ilikaa nje kwa sababu gani, iliingiaje, na ilipokwisha kuingia iliwafaa nini watu.

Kwanza yafaa tujue kiangazi ni nini kwa Msukuma. Mvua hukoma karibu na mwezi wa Mei. Mtama na mahindi huwekwa ghalani, viazi hukatwa vipande na kuanikwa juani kuwa michembe, na pamba hupelekwa sokoni. Toka Juni hata Septemba jembe hupumzika, na fedha kidogo iko mkononi. Hiyo ndiyo miezi ya harusi, ya kutembeleana, na ya ngoma, ambayo kwa Kisukuma huitwa mbina.

Ngoma hizo zilikuwa za aina nyingi, na kila moja ilikuwa na watu wake. Wako bagobogobo, wachezao na majembe. Wako bayeye, wachezao na nyoka. Wako banunguli, ambao asili yao ni wawindaji wa nungunungu. Juu ya hayo yote wako Bagika na Bagalu, pande mbili kubwa zinazoshindana tangu karne ya 19. Wazee husema pande hizi zilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha. Siku ya mashindano pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji huenda upande uwapendezao. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila upande hujitahidi kwa nyimbo mpya, kwa maajabu, na kwa dawa za kuvuta watu. Mtungaji wa nyimbo huitwa ningi. Yeye huanza ubeti, na wenzake huitikia.

Tena wachezaji hawa walikuwa walimaji pamoja. Kijijini kilikuwapo pia chama cha vijana chini ya kiongozi wao, nao walikuwa wakienda shamba la huyu na la yule, wakilima kwa kufuata wimbo. Basi mtu aliyetoka katika ngoma hakuwa amepoteza mchezo tu. Alikuwa amejitenga na wenzi wake wa jembe na wa shida. Neno hili tulikumbuke, kwa maana ndilo lililokuwa zito katika habari hii.

Sasa tuje kwa wamisionari. Mapadre wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe, walijenga Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1883. Waanglikana wa Church Missionary Society nao walikuwa kusini mwa ziwa, na huko Usambiro ndiko alikofia Alexander Mackay mwaka 1890, baada ya kufukuzwa Buganda. Kituo chao cha Nassa kilichukuliwa mwaka 1909 na Africa Inland Mission, ambayo ilienea Usukuma, na kanisa lililotokana nayo ndilo Africa Inland Church, au AIC, lenye watu wengi Shinyanga na Mwanza hata leo.

Wamisionari hawa walileta nyimbo za kwao. Kwa Wakatoliki Misa yenyewe ilikuwa katika Kilatini, na watu walijifunza kuitikia maneno ambayo maana yake waliielezwa baadaye. Kwa Waprotestanti nyimbo zilitiwa maneno ya Kisukuma au ya Kiswahili, lakini sauti zilikuwa za Uingereza, Ujerumani na Marekani. Hapo palikuwa na taabu ambayo wageni hawakuiona upesi. Kisukuma ni lugha ambayo neno hupanda na kushuka kwa sauti, na kupanda na kushuka huko ni sehemu ya maana yake. Ukilitia neno lishukalo katika wimbo upandao, msikilizaji husikia jambo jingine, au hasikii kitu. Watu waliimba kwa moyo, lakini masikio yao yalikuwa ugenini.

Ama ngoma ilikatazwa. Wamisionari wengi waliona pombe, waliona dawa za mashindano, waliona vijana wakikesha nje, wakasema mambo haya hayapatani na ubatizo. Yafaa tuwe waadilifu hapa. Hofu yao haikuwa ya bure, kwani dawa zilikuwapo na pombe ilikuwapo. Bali walipoifunga ngoma nje kwa ajili ya dawa, walifunga nje pamoja nayo wimbo wa jembe, wimbo wa harusi, na ule ujirani tulioutaja. Kijana Mkristo aliposikia ngoma ikilia mlimani usiku wa mwezi wa Julai, ilimpasa achague kati ya wenzi wake na kanisa lake. Wengine walichagua kanisa, na walilipa kwa upweke. Wengine walikwenda ngomani na Jumapili wakakaa nyuma, au hawakurudi tena.

Wakati huo nchi ilikuwa ikibadilika. Reli toka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi toka mwaka 1936, na mwaka 1940 Bwana John Williamson, Mkanada, aliona almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Vijana walitoka vijijini wakaenda migodini na mijini, wakakutana na watu wa makabila mengine. Swali la ngoma likawa kubwa zaidi: mtu akiwa mbali na kijiji chake, ni wimbo gani utakaomkusanya na wengine?

Jibu moja lilitoka Bujora, kilima kilichoko Kisesa, si mbali na Mwanza. Katika miaka ya 1950 padre mmoja toka Quebec katika Kanada, David Clement, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alifanya kazi huko. Padre huyu hakuanza kwa kufundisha nyimbo. Alianza kwa kusikiliza. Alizikusanya nyimbo, ngoma na vyombo vya watemi, akatafuta jinsi ya kumwabudu Mungu kwa vitu hivyo. Kanisa la Bujora lilijengwa la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na altare yake ilifanywa kwa mfano wa kiti cha enzi cha mtemi. Fikirini, wasikilizaji, Msukuma aingiapo humo. Haambiwi kwa maneno kwamba Mungu ni Mfalme. Aona kiti ambacho baba zake walikiheshimu, naye afahamu mwenyewe.

Tena palikuwa na chama cha waimbaji na wachezaji kilichoitwa Bana Sesilia, kwa jina la Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Ngoma ikapigwa ndani ya kanisa. Na kila mwaka, mwezi wa Juni, karibu na sikukuu ya Mwili wa Kristo, hufanyika Bujora sherehe iitwayo Bulabo, maana yake maua. Baada ya ibada, Bagika na Bagalu hushindana uwanjani mbele ya maelfu ya watu. Sikukuu ya Kanisa na mashindano ya kiangazi, ambayo zamani yalikuwa yakivutana, yalikutana katika uwanja mmoja. Baadaye, mwaka 1968, paliwekwa Bujora makumbusho ya Wasukuma, na ngoma za watemi zimehifadhiwa humo katika nyumba iliyojengwa kwa mfano wa kiti cha enzi.

Msidhani wote walifurahi. Wako Wakristo wazee walioona ni ajabu na uchungu. Wao walikuwa wameiacha ngoma kwa machozi, wakatengwa na rika zao, na sasa waliambiwa kwamba yaweza kuingia mpaka altareni. Maneno yao hayakuwa ya kipumbavu. Mtu aliyelipa bei kubwa kwa jambo huuliza kwa nini mwingine apewe bure. Lakini mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia, ikaruhusu lugha za watu katika ibada, na ikasema kwamba muziki wa mataifa katika nchi za misheni upewe heshima na nafasi yake. Jambo lililokuwa la kilima kimoja likawa ruhusa ya Kanisa zima.

Kwa upande wa AIC njia ilikuwa nyingine. Huko kwaya ndiyo iliyoshika kazi ya ningi. Vijana walitunga nyimbo zao wenyewe kwa Kiswahili, wakaongeza magitaa, na zilipokuja kaseti sauti zao zilifika mbali. Majina kama Kwaya ya AIC Shinyanga na Kwaya ya Vijana ya AIC Makongoro ya Mwanza yalijulikana na watu ambao hawakupata kuiona nchi hiyo. Asikilizaye vizuri atatambua namna ya zamani: mmoja huanza, wengi huitikia, na wimbo hueleza habari, huonya, hata huchekesha kidogo.

Sasa twende Geita, ili tuone faida yake. Mgodi wa kwanza ulifungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo wakaendelea kutafuta, na mwaka 2000 mgodi mkubwa mpya ukaanza kazi. Katikati ya hayo, mwaka 1984, Geita ilipata jimbo lake la Kikatoliki, na mwaka 2012 ikawa makao makuu ya mkoa mpya. Mji wa dhahabu ni mji wa wageni. Mtu huja peke yake toka Kigoma, Mara, Kagera au Singida, hupanga chumba, na jirani humjua kwa jina la mkoa wake tu. Je, akiugua? Je, akifa, nani atamwimbia?

Hapo ndipo tunapoona kwamba kilichoingia kanisani na ngoma ni ule ujirani wa zamani. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walikubaliana katika miaka ya 1970 kwamba Wakristo wakae katika jumuiya ndogo ndogo, nyumba chache chache. Jumuiya hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma, huomba, huimba, kisha huuliza habari: nani mgonjwa, nani amepata mtoto, nani hajaonekana. Kwaya hufanya vivyo hivyo. Msiba ukitokea, wao ndio wafikao kwanza, wachangao rambirambi, wapikao, na waimbao usiku kucha, wawe wamemjua marehemu miaka 10 au miezi miwili. Kazi iliyofanywa na chama cha jembe kijijini, mjini yafanywa na watu wa wimbo.

Na wakati wa kiangazi furaha nayo huonekana. Jumapili ya mavuno watu hubeba magunia ya mahindi, mtama, michembe, kuku, hata mbuzi, wakicheza polepole kuelekea mbele kwa mlio wa ngoma. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje chini ya mwembe, watu wakicheka na kupandishiana bei. Mara nyingi anunuaye jogoo kwa bei kubwa humrudisha auzwe tena. Jirani Mwislamu mwenye duka ng'ambo ya barabara naye huja kununua, na hakuna amwulizaye dini yake.

Lakini, wasikilizaji, tuna neno moja la kuwaonya, hasa ninyi wanafunzi. Siku hizi makanisa mengi ya mijini yamenunua vinanda vya umeme, na kinanda hicho kina mlio wa ngoma ndani yake. Hubonyezwa mahali, nacho hupiga bila mpigaji. Hatuvichukii vyombo hivi. Vyapendeza, na hurahisisha kazi. Ila tumewauliza wanafunzi wetu wa ualimu, watoto wa Shinyanga na Geita, watutajie majina ya ngoma zilizopigwa na babu zao na namna ya kuzipiga. Wengi walinyamaza. Ngoma iliyokatazwa kwa miaka mingi ilibaki hai mlimani, kwa sababu walikuwapo waliokesha nayo. Ngoma isiyokatazwa na mtu, wala kupigwa na mtu, itakaa wapi?

Basi twawaombeni jambo lililo jepesi. Kiangazi hiki, mavuno yakiisha, kila mwanafunzi amwendee mzee mmoja wa kwao, akae naye jioni moja, amwulize alicheza ngoma gani, ningi wake alikuwa nani, na alipobatizwa aliiacha au hakuiacha. Ayaandike majibu katika daftari, pamoja na jina la kijiji na mwaka. Wazee hao wapungua kila mwaka, na jioni za kiangazi si nyingi.