Goti la Mlinzi: Jinsi NFL Ilivyojifunza Kupima Majeruhi

Tangu Daniel Adongo aliposajiliwa na Indianapolis Colts mwezi Julai 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, vijana wetu wa ragbi wenye miili mikubwa wamejua kwamba kuna mlango mwingine. Adongo alitoka kwenye ragbi moja kwa moja, bila kuupitia mpira wa Kimarekani shuleni wala chuoni. Mwaka 2023 ligi hiyo ikaleta kambi yake Nairobi, na kutoka kwetu Kathiani hadi Nairobi si safari ya kulala njiani. Kwa hiyo namna Wamarekani wanavyompima mchezaji aliyeumia si habari ya watu wa mbali tena. Mwalimu wa michezo aliyeko chini ya vilima vya Iveti ana haja ya kuijua historia yake, hasa akiwa na propu mmoja mzuri wa ragbi anayechechemea.

Nasema propu kwa sababu yeye ndiye atakayeielewa haraka kazi ya wale walinzi watano wanaosimama mbele ya mrushaji mpira. Hawafungi, mpira hawaushiki ila yule wa katikati anayeuanzisha, na jina la mlinzi hutangazwa zaidi anapokosea. Wengi wana zaidi ya kilo 140. Katika mechi moja uzito huo hukumbana na uzito wa namna hiyo mara 60 na zaidi, na gharama yake hulipwa na magoti, vifundo vya miguu, mgongo na mabega. Ni nadra kumpata mlinzi aliyemaliza chuo ambaye hajawahi kuumia mahali.

Wachezaji hao huingia ligi kuu kwa uteuzi wa kila mwaka, timu zikipokezana kuchagua na iliyofanya vibaya ikitangulia. Wazo lilikuwa la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, na uteuzi wa kwanza ulifanyika katika hoteli mjini Philadelphia tarehe 8 Februari 1936. Majina 90 yaliandikwa ubaoni. Timu zilitegemea magazeti na maneno ya watu waliowaona vijana wakicheza. Jay Berwanger, aliyeitwa wa kwanza kabisa, hakucheza NFL hata siku moja.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, timu iliyotaka kujua hali ya goti la mtu ilibidi imwite kwa daktari wake yenyewe, na timu nyingine ikamwita tena. Gharama ndizo zilizoleta mabadiliko. Mwaka 1982 wachezaji 163 walikusanywa Tampa, Florida, na shabaha kubwa ilikuwa timu zipate taarifa zao za kitabibu mahali pamoja. Mwaka 1985 kambi kadhaa za namna hiyo ziliunganishwa kuwa moja, na tangu 1987 mkusanyiko huo umekuwa ukifanyika Indianapolis. Siku hizi televisheni huonyesha mbio za karibu mita 37 na vijana wakinyanyua vyuma. Watazamaji wengi hawajui kwamba kambi ilianza kwa ajili ya vyumba vya madaktari, na hadi leo viongozi wengi wa timu husema hapo ndipo penye faida kubwa.

Ndani ya vyumba hivyo kijana hulala chali kitandani. Daktari humkunja goti kidogo tu, mkono mmoja ukishika paja na mwingine ukishika mguu chini ya goti, kisha huuvuta kuelekea kwake. Kano ya goti iliyo nzima hukaza ghafla, mguu ukasimama. Kano iliyokatika huuacha mguu usogee kwa ulaini, na mkono uliozoea huhisi tofauti hiyo mara moja. Kisha anakuja daktari wa timu nyingine na kulivuta goti lilelile. Zipo picha za eksirei na MRI, yapo maswali juu ya kila upasuaji. Mwezi Aprili baadhi ya majeruhi huitwa tena ili ionekane wanaponaje. Kila timu hutoa alama zake, na goti linalokubaliwa na timu moja laweza kukataliwa na jirani yake.

Naona ni haki kusema wazi kwamba mpango huu ulijengwa kwa ajili ya mnunuzi. Mchezaji anafaidika pale tu afya yake inapoandikwa vizuri kabla hajafika huko.

Na madaktari wakishamaliza, hukumu bado ni ya wanadamu. Cedric Ogbuehi aliumia kano ya goti, ile wachezaji wanayoiita ACL, katika mechi yake ya mwisho ya chuo Desemba 2014. Cincinnati Bengals walimchukua hata hivyo, wa 21 mwaka 2015. Mwaka 2018 Billy Price alichanika msuli wa kifua akinyanyua vyuma kwenye kambi yenyewe ya Indianapolis, na Bengals haohao wakamchukua, nambari ileile 21. Hakuna kati yao aliyedumu pale kama ilivyotarajiwa.

Mwaka 2021 ndio unaonivutia zaidi. Korona ilivunja kambi ya kawaida, na uchunguzi wa ana kwa ana ukafanyika Aprili kwa sehemu tu ya wachezaji. Landon Dickerson wa Alabama alikuwa na orodha ndefu ya majeraha tangu 2016, na Desemba 2020 goti likaumia tena. Philadelphia Eagles walimchukua wa 37. Trey Smith wa Tennessee alikuwa amepatikana na mabonge ya damu kwenye mapafu mwaka 2018. Madaktari walimwekea utaratibu wa dawa na mazoezi yasiyo na kugongana, akarudi kucheza. Lakini timu zilimpita raundi baada ya raundi hadi Kansas City Chiefs walipomwita wa 226. Alianza mechi zote 17 za msimu wake wa kwanza, akatwaa ubingwa mara mbili. Dickerson naye alikuwa bingwa Februari 2025.

Afrika Mashariki ina mfano wake, ingawa yeye alicheza upande wa kuwakabili walinzi hao. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alizaliwa Indianapolis na kuchaguliwa na New York Giants mwaka 2006. Mwaka 2007 alivunjika mfupa wa mguu, mwaka 2010 shingo ikamtoa uwanjani. Februari 2012 alikuwa uwanjani Giants walipotwaa ubingwa, na mechi hiyo ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa.

Kinachotisha timu kuliko jeraha lenyewe ni jeraha lisilo na maelezo. Smith alikuwa na faili lenye tarehe, dawa na majina ya waliomtibu, na bado alingoja hadi 226. Kijana wa kwetu asiye na karatasi yoyote atangoja nini? Walimu wa michezo wa Kathiani, mchezaji akiumia msimfunge bandeji na kumrudisha uwanjani kwa sababu mechi ni ya jirani. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, andikeni tarehe na namna alivyoumia, ombeni ripoti na picha za eksirei, nakala moja ibaki shuleni na nyingine apewe mzazi aitunze.