Mmea wa Mungu wa Radi

Bibi yangu aliyaita maumivu ya viungo vyake baridi yabisi. Kwa miaka mingi nilidhani ni jina tu la ugonjwa, mpaka nilipojifunza Kiarabu kidogo nikajua kwamba yabisi ni kavu, na kwamba ndani ya maneno hayo mawili umelala utabibu mzima wa kale, wa joto na baridi, ukavu na unyevu. Wachina nao wana neno lao, bi. Kitabu chao kikongwe cha utabibu, Huangdi Neijing, kinasema kwamba upepo, baridi na unyevu vikikutana mwilini, bi huzaliwa. Bibi angebishana nao kuhusu unyevu tu.

Kwenye vilima vya kusini mwa China huota mmea utambaao uitwao lei gong teng, yaani mmea wa mungu wa radi. Wataalamu wa mimea wanauita Tripterygium wilfordii. Wakulima waliujua kwanza kama sumu. Walisaga mizizi yake na kunyunyizia mboga ili kuua wadudu. Majani yake machache yaliweza kumuua mtu, na wapo walioyatafuna kwa makusudi. Aliyetaka kuutumia kama dawa alimenya maganda yote ya mzizi, yaliyo makali zaidi, akachemsha kiini chake kwa saa nyingi.

Katika miaka ya 1960 madaktari wa China waliupeleka kwa wagonjwa wa ukoma. Mtu asiyeujua ukoma hudhani mateso yote huletwa na kijidudu. Sivyo. Mara nyingi kinachomwangusha mgonjwa ni askari wake mwenyewe, seli za kinga, ambazo hushambulia kwa hasira hata mishipa ya fahamu ikaharibika, homa ikapanda na ngozi ikatoka vinundu vyenye maumivu. Mmea ule ulituliza ghasia hiyo. Kabla muongo haujaisha, madaktari wakaujaribu kwa wenye baridi yabisi ya kinga, ile inayovimbisha vidole na kuvipinda, kwa sababu ugomvi wake ni wa aina ileile.

Mwaka 1972 Morris Kupchan na wenzake nchini Marekani, ambao walikuwa wakisaka dawa ya saratani ya damu, walitoa katika mmea huo kemikali waliyoiita triptolidi. Maabara zilizofuata zilionyesha kwamba seli T zikiguswa na triptolidi hushindwa kutengeneza intalukini-2, ujumbe ambao seli hizo huutumia kuitana na kuzaliana. Bila mwito, jeshi halikusanyiki, na kiungo hakivimbi.

Lakini kwa nini kitu kinachotuliza goti kiwe pia sumu? Jibu zuri kuliko yote nililowahi kusoma lilitoka mwaka 2011. Watafiti waligundua kwamba triptolidi hung'ang'ania protini iitwayo XPB, mojawapo ya zile zinazoifungua DNA ili isomwe. Kazi hiyo haifanywi na seli za kinga peke yake. Ini huifanya, figo huifanya, na korodani huifanya usiku na mchana. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 madaktari wa China waliona mbegu za kiume zikipungua kwa wanaume waliotibiwa viungo, hata wengine wakafikiria kuugeuza mmea huo uwe dawa ya uzazi wa mpango. Kwa wanawake, hedhi iliweza kukoma.

Mwaka 2009 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la wagonjwa 121, lililoulinganisha na salfasalazini, dawa ya kawaida ya hospitali. Waliopewa mmea walipata nafuu zaidi. Lakini ni asilimia 62 tu yao walioendelea na dawa mpaka wiki 24 zikatimia, na kwa salfasalazini asilimia 41. Mimi huzisoma namba hizo mbili kabla ya kusoma habari za nafuu.

Bibi alikuwa na watoto tisa tayari, na asingejali habari za hedhi. Jirani yetu alikuwa na miaka ishirini na sita, ameolewa juzi, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda. Siku moja aliniletea pakiti yenye maandishi ya Kichina, akataka nimsomee. Niliyatambua matatu tu: lei, gong, teng.