Kioo cha nyuma ni utingo wa mtu asiye na utingo

Kimya changu kimetokana na zamu za usiku, si kukosa maneno. Tangu niseme kwamba nimeacha basi na sasa naenda kazini kwa baiskeli ya umeme, mmeniuliza swali lilelile kwa namna tofauti: hicho kioo kwenye usukani ni cha nini? Kaka mmoja wa Mwanza ameandika kwamba nimejigeuza bodaboda. Basi leo nijibu, na jibu lina historia ndefu kuliko mnavyodhani.

Kwa kifupi, kioo cha nyuma kilianza kutumika kwa ajili ya mtu anayesafiri peke yake.

Fikirieni vyombo vya kwetu. Lori la mizigo lina utingo. Dereva akirudi nyuma, utingo yuko chini anapaza sauti: njoo, njoo, kata kushoto, simama hapo! Daladala ina konda mlangoni. Akigonga bati mara mbili, dereva anajua aondoke. Dereva ana macho mengine yanayomlinda mgongo. Magari ya mwanzo ya Ulaya na Marekani yalikuwa hivyohivyo, hasa ya mashindano. Pembeni ya dereva alikaa fundi ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kugeuka na kumwambia mwenzake nani anakuja nyuma.

Wa kwanza ninayependa kumtaja ni mwanamke. Dorothy Levitt alikuwa Mwingereza aliyeshindana kwa magari wakati ambapo wanaume wengi waliona hilo ni kituko. Mwaka 1909 alitoa kitabu kiitwacho The Woman and the Car, cha kuwafundisha wanawake kuendesha na kutunza gari wenyewe. Humo aliwashauri wabebe kioo kidogo cha mkononi chenye mpini. Si cha kupaka poda tu, bali cha kuinua juu wakiwa njiani ili waone kilicho nyuma. Mwanamke anayeendesha peke yake, hana fundi wa pembeni, anatumia kioo cha urembo kulinda uhai wake. Nikisoma habari hiyo nawaona dada zangu wote waliowahi kuambiwa kioo ni cha majivuno.

Miaka miwili baadaye, Mei 30, 1911, yalifanyika mashindano ya kwanza ya maili 500 pale Indianapolis. Ray Harroun alikuja na gari la njano, Marmon Wasp, lenye kiti kimoja tu. Wenzake wakalalamika: huyu hana fundi, atajuaje anayemkaribia? Harroun akafunga kioo juu ya vyuma vilivyosimama mbele yake. Akashinda, kwa muda wa saa 6 na dakika 42, mwendo wa wastani wa karibu kilomita 120 kwa saa. Baadaye alieleza kwamba wazo alilipata Chicago mwaka 1904, alipoona kioo kimefungwa kwenye gari la kukokotwa na farasi. Kwa hiyo hata huyo tunayeambiwa ndiye wa kwanza, aliiga kwa mwendesha farasi ambaye jina lake hatulijui.

Ila kuna jambo ambalo masimulizi mengi huliruka. Uwanja ule ulikuwa umetandikwa matofali, na Harroun mwenyewe alikiri baadaye kwamba kioo kilitikisika mno hata hakuona kitu cha maana. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Mwaka 1921 Elmer Berger akaanza kuuza vioo kwa ajili ya magari ya watu wa kawaida. Alivipa jina la Cop-Spotter, yaani cha kumwona polisi. Wenzetu nao walianza kukipenda kioo kwa kumkwepa trafiki, si kwa usalama! Mswahili hapo asingeona jambo geni.

Sasa turudi kwenye baiskeli. Ya umeme si kitu cha jana kama wengi wanavyodhani: Ogden Bolton wa Ohio alipata hataza ya baiskeli ya umeme Desemba 31, 1895. Iliyoleta mapinduzi ni ya Yamaha, mwaka 1993, ambayo injini inasaidia miguu badala ya kuchukua kazi yote. Hapa Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 iliamua kwamba baiskeli ya umeme yenye pedali, isiyofika wati 750, na ambayo injini peke yake haiifikishi zaidi ya maili 20 kwa saa, ihesabiwe kuwa baiskeli. Na baiskeli hailazimishwi kuwa na kioo. Uholanzi waliona tofauti kwa zile za kasi zaidi, zinazofika kilomita 45 kwa saa. Tangu 2017 wanazihesabu kama pikipiki ndogo, na lazima ziwe na kioo upande wa kushoto.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo kiini kilipo. Maili 20 kwa saa ni kilomita 32, yaani karibu mita 9 kila sekunde. Ukigeuza shingo kutazama nyuma kwa sekunde moja, umekwenda mita 9 bila kuona mbele. Kwenye baiskeli ya kawaida ya kilomita 15 kwa saa ungekwenda mita 4 hivi. Tena upepo wa mwendo huo unajaa masikioni, gari la nyuma hulisikii mapema. Na Washington tangu 2020 mwendo wa kawaida unaoruhusiwa kwa magari kwenye mitaa ya ndani ni maili 20 hizohizo. Kwa hiyo chombo ambacho sheria inakiita baiskeli kinakwenda sawa na gari, bila utingo, bila kioo, bila bodi.

Ninapoishi panaitwa Shaw. Jina linatokana na shule iliyopewa jina la Robert Gould Shaw, kamanda wa kikosi cha askari weusi cha Massachusetts katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Chuo kikuu cha Howard kiko jirani, na barabara ya 9 upande wa juu imejaa migahawa ya Wahabeshi, kahawa inanukia hadi nje. Barabara hiyohiyo imegombaniwa miaka. Mwaka 2015 jiji lilipoanza kupanga njia ya baiskeli iliyotengwa na magari upande huu wa mji, baadhi ya makanisa yalipinga vikali. Waumini wao, wengi wakiwa weusi waliohamia nje ya mji kwa sababu kodi za nyumba zimepanda, huja Jumapili kwa magari na wangekosa pa kuegesha. Upande wa pili wapanda baiskeli walikuwa wanasema wanakufa. Mimi mhamiaji nawaelewa wote wawili. Mwishowe njia ilijengwa barabara ya 9, na ndiyo ninayopita.

Lakini njia iliyotengwa haiondoi hatari, inaihamishia kwenye makutano. Gari linatoka nyuma yako kushoto, linakupita kidogo, kisha linakata kulia mbele ya gurudumu lako. Kazini nimewahudumia wapanda baiskeli walioanguka: mtulinga umevunjika, kifundo cha mkono kimevimba, uso umechubuka. Sentensi ninayoisikia mara nyingi ni "sikumwona alikotokea."

Mwaka 1928, sikukuu ya Pasaka, akina dada watano weusi wa New York waliendesha baiskeli hadi hapa Washington, maili zipatazo 250 kwa siku tatu: Marylou Jackson, Velva Jackson, Ethyl Miller, Leolya Nelson na Constance White. Baiskeli za kawaida, barabara za enzi zile, na ubaguzi wa enzi zile. Nawafikiria ninapotoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Lakini wao walikuwa watano, na watu watano wana macho kumi. Mimi niko peke yangu, kama wengi wetu tulio ughaibuni. Hakuna wa kukupigia kelele "dada, angalia nyuma!" Ndiyo maana nina kioo.

Haya, kwa wanaotaka kufunga, nawapeni niliyojifunza.

Kwanza upande. Huku tunaendesha kulia, magari yanakupitia kushoto, basi kioo kikae kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda ni kinyume chake: tunakaa kushoto, kioo cha lazima ni cha kulia. Ukiweza viwili, vema. Ukiweza kimoja, kiwe upande wa magari.

Pili aina ya kioo. Kilicho bapa kinaonyesha umbali wa kweli lakini eneo dogo. Kilichobinuka kama mgongo wa kijiko kinaonyesha eneo kubwa lakini kila kitu kinaonekana kidogo na mbali kuliko kilivyo. Ndiyo sababu magari ya Marekani yana maandishi kwenye kioo cha upande wa abiria yakionya kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Kwa mjini nimechagua kilichobinuka, lakini kidogo tu. Gari likionekana dogo kama kiberiti, nalihesabu kuwa liko karibu.

Tatu, yale matofali ya Harroun. Kioo chenye mkono mrefu mwembamba kitatikisika uone ukungu mtupu. Chagua chenye mkono mfupi na mgumu. Kinachoingia kwenye tundu la ncha ya usukani ndicho imara zaidi, lakini angalia kwanza kama mpira wako wa kushikia una tundu mwishoni, na upime upana wa tundu la chuma, maana usukani hautofautiani kwa macho. Cha kufunga kwa bangili kinakaa popote, ila kisibanane na mkono wa breki wala kidude cha kuongeza mwendo. Kaza kwa alenki taratibu. Kaza kiasi kwamba kikigongwa kigeuke, kisivunjike.

Nne, kurekebisha. Usirekebishe ukiwa umesimama pembeni ya baiskeli. Kaa kitini kama unavyoendesha, mwambie mtu asimame nyuma hatua kumi, kisha asogee kushoto na kulia. Uone bega lako kidogo tu pembeni ya kioo. Ukiona mkono mzima, unajitazama mwenyewe.

Vipo pia vidogo vya kubandika kwenye miwani au helmeti. Vinafuata kichwa, vinafaa kwa baiskeli za kukodi za jiji ambazo hazina vioo. Mimi vilinichosha macho, lakini wapo wanaoviapia.

La mwisho na kubwa: kioo hakikupi ruhusa. Kinakwambia kuna mtu. Hakikwambii hakuna mtu. Kabla ya kuhama upande, tazama kioo, kisha bega, kisha nyosha mkono.

Sasa neno la nyumbani. Bodaboda zilianza kama baiskeli za kuvusha watu mpakani kati ya Kenya na Uganda, kule Busia na Malaba, ndiyo jina likazaliwa. Nilipokuwa mdogo Phoenix za mtaani kwetu zilifungwa vioo viwili, mauamaua na kengele, na mwenye nayo alionekana mtu. Leo pikipiki zinatoka dukani na vioo, na vijana wanavifungua ili wapenye kwenye foleni. Mdogo wangu wa mwisho ni mmoja wao. Alivifungua wiki ya kwanza, anasema abiria ndiye kioo chake. Mdogo wangu, abiria anatazama simu. Na baada ya kumshusha unarudi kijiweni peke yako, usiku, na malori yako nyuma yako. Nimeshatuma hela ya vioo viwili kwa mama, nenda ukavichukue. Ukishafunga nitumie picha, nami nitaiweka hapa.

Nawasilisha. Mwenye swali la vipimo au anayejua aina nzuri zaidi aandike hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.