Kisigino Kwanza: Historia ya Wayo wa Mwanamke, kutoka Engare Sero hadi Ukumbi wa Harusi



Msimu wa harusi ukikaribia, sisi mafundi wa nguo humpima biharusi vitu viwili: mwili wake na kiatu chake. Bila ya kiatu hatukati pindo. Gauni lililopimwa kwa kisigino cha inchi 4 likivaliwa na ndara litaburura chini, na lililopimwa kwa ndara likivaliwa na kisigino litaacha vifundo vya miguu nje. Kwa hiyo miguu tunaiona mingi, na malalamiko yake tunayasikia. Siku hizi limeingia suala jipya. Dada zetu wanatwambia: "Nimesikia nitembee miguu mitupu, na nikanyage kwa vidole kwanza, kisigino baadae. Ati ndio utembeaji wa asili. Kweli?"

Jibu fupi ni kwamba nusu ni kweli na nusu si kweli. Jibu refu lina historia ndani yake, na ni historia yetu wanawake. Karibuni tuisome pamoja.

Wanawake 14 waliopita kwenye majivu

Kaskazini mwa Tanzania, kusini ya Ziwa Natron, karibu na mlima wa volkeno wa Ol Doinyo Lengai, pana mahali panaitwa Engare Sero. Hapo zipo nyayo za watu zaidi ya 400. Zilikanyagwa kwenye tope la majivu ya volkeno, tope likakauka, likawa gumu kama jiwe. Wataalamu wanakadiria kuwa nyayo hizo ni za baina ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita.

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti juu ya nyayo hizo. Watafiti walipima urefu wa nyayo na umbali wa hatua, wakaona kundi la watu 17 waliokuwa wakienda pamoja, upande mmoja, kwa mwendo wa kutembea. Kwa hesabu zao, 14 katika hao walikuwa wanawake watu wazima. Wanadhani huenda walikuwa katika kutafuta chakula, kama wanawake wa Kihadza wanavyotoka kwa makundi mpaka leo kwenda kuchimba mizizi.

Hatujui majina yao, lugha yao wala dua zao. Lakini mwendo wao upo. Hawakuwa na kiatu, na hawakuwa na mtu wa kuwafundisha kwenye simu namna ya kukanyaga.

Ukitaka kujua mtu asiye na kiatu anakanyaga vipi, nenda pwani maji yakitoka, tembea kwenye mchanga mbichi hatua kumi, kisha geuka utazame. Utaona shimo la kisigino. Mbele yake utaona mstari wa ukingo wa nje wa wayo, na kwa ndani pengo, pale uvungu wa mguu ulipoacha mchanga. Halafu shimo jengine nyuma ya vidole, na mwisho alama ya kidole gumba kilichosukuma mwili mbele. Kisigino kwanza, ukingo wa nje, nyuma ya vidole, kidole gumba. Huo ndio mwendo wa binaadamu, akiwa na kiatu na asipokuwa nacho.

Kutembea na kukimbia ni mambo mawili

Basi hilo la "vidole kwanza" limetoka wapi? Limetoka kwenye mbio. Mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Kikalenjin kutoka Bonde la Ufa, Kenya. Waliona kuwa waliokua wakikimbia miguu mitupu mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo au kwa wayo mzima, na aliyezoea kiatu chenye mto mnene hutua kwa kisigino. Anayekimbia hurusha mwili mzima hewani, na akitua kwa kisigino kitupu kwenye ardhi ngumu, kishindo kinapanda mpaka gotini. Kwa hiyo mguu wake unajikinga.

Lakini mwenye kutembea haruki. Siku zote mguu mmoja uko chini. Mwaka huo huo wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walipima nguvu anazotumia mtu anapotembea. Aliyetembea kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kimenyanyuliwa kidogo tu, alitumia nguvu zaidi kwa asilimia 53 kuliko aliyetanguliza kisigino. Kwa hiyo dada unayenyata kwa vidole kutoka jikoni hadi ukumbini ukidhani unatibu mgongo, unajichosha bure. Kisigino hakikuumbwa kwa bahati mbaya.

Tofauti ya mwenye kiatu na asiye nacho katika kutembea ni vile kisigino kinavyofika chini. Asiye na kiatu hukiweka, hakipigi. Hatua zake ni fupi, na mguu unatua karibu na mwili. Ngozi ya wayo inamwambia hapa pana kokoto, hapa panateleza. Hata sugu haziizibi habari hiyo. Utafiti uliofanywa magharibi ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wenye sugu nene wanahisi ardhi sawa na wenye ngozi nyororo. Mto mnene wa kiatu ndio unaoziba, na mtu asiyehisi ardhi hukanyaga kwa nguvu bila ya kujua.

Mitaawanda na sauti yake

Mguu wa mwanamke wa visiwani haukubaki mtupu. Mabibi zetu walikuwa na mitaawanda, viatu vya mbao vyenye kijiti cha kubana baina ya kidole gumba na cha pili, kinachoitwa msuruaki. Salme binti Said, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anavitaja viatu vya mbao vya wanawake wa jumba katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Na watu wa kawaida nao walivaa mitaawanda kwenda kukoga na kutia udhu, ili miguu isirudi na uchafu.

Mbao haipindi. Mvaaji hawezi kuuviringisha wayo kutoka kisigino hadi kidole gumba, kwa hiyo huuweka mzima mzima, kwa hatua ndogo, na vidole vinashika msuruaki kila unyayo unaponyanyuka. Ndiyo asili ya ule mwendo wa taratibu wa wanawake wa zamani. Haukuwa madaha peke yake, kiatu chenyewe kilikuwa hakikubali haraka. Na kilikuwa na sauti: ko, ko, ko.

Sauti ya mguu si jambo dogo katika dini yetu. Katika Suratun Nur, aya ya 31, tumekatazwa kupiga miguu chini ili yajulikane mapambo tuliyoyaficha, na wasomaji wetu wanaovaa furungu na mitali wanalijua hilo. Na katika Surat Luqman, aya ya 19, tunaambiwa tushike mwendo wa wastani. Masomo wetu wanaowafunda biharusi wamelichukua hilo kwa neno moja tu: kanyaga pole. Tukiliangalia kwa jicho la hawa wapima nyayo, ni fundisho la kisigino vilevile.

Kiatu kilipokuwa uungwana

Hapa tunataka tusimame kidogo, kwa sababu wanaosifu miguu mitupu leo mara nyingi hawaijui sehemu hii.

Unguja ya karne ya 19, mtumwa alitambulikana kwa miguu mitupu na kichwa kisichofunikwa. Kiatu kilikuwa cha muungwana. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 Sultan Hamoud bin Mohammed akatoa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria. Masuria wao walingoja mpaka mwaka 1909. Wanawake waliotoka utumwani walijifunika, wakanunua kanga, baadae wakavaa buibui, na walioweza wakatia kiatu mguuni. Ile ilikuwa hati yao ya uhuru, na kila aliyepita njiani aliweza kuisoma.

Kwa hiyo bibi aliyemgombeza mjukuu kwa kutoka nje miguu mitupu hakuwa na maringo. Alikuwa anajua miguu hiyo ilikuwa ikisomwa vipi. Na alikuwa na sababu ya pili, nayo ni safura. Mwaka 1898 huko Cairo, mtaalamu wa vimelea wa Kijerumani Arthur Looss aligundua kuwa mnyoo wa safura huingia mwilini kwa kupita kwenye ngozi, na njia yake kubwa ni mguu mtupu kwenye udongo mbichi uliochafuliwa na kinyesi. Bibi hakumsoma Looss, lakini watoto waliovimba na kuishiwa damu aliwaona.

Kisigino kirefu kilianza kwa wanaume

Sasa tuje kwenye kiatu kinachowatesa biharusi wetu. Kisigino kirefu hakikuzaliwa kwa ajili ya mwanamke. Kilikuwa kiatu cha wapanda farasi wa Uajemi. Kisigino kiliushika mguu ndani ya kikuku cha kupandia ili askari asimame juu ya farasi na kupiga mshale. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 wanaume wakubwa wa Ulaya wakakiiga, na mfalme Louis XIV wa Ufaransa akajulikana kwa visigino vyekundu. Wanawake walikichukua baada yao, na wanaume walipokiacha, sisi tukabaki nacho.

Kwa maneno mengine, ni kiatu cha mtu aliyepanda, si cha anayetembea. Ukikivaa kwa kutembea, uzito wote unamwagika nyuma ya vidole, na kisigino chembamba kinapiga sakafu kama nyundo. Utafiti mwengine wa mwaka 2010 uliwapima wanawake waliozoea visigino virefu kwa miaka, ikaonekana nyuzi za nyama ya shavu la mguu zimefupika kwa asilimia 13. Ndio maana wengine huona maumivu wakivaa ndara. Mguu umeshazoea kupinda.

Tahadhari na viatu vyembamba

Sisi ni wafanyabiashara, na tunajua biashara inavyopenda kuahidi. Baada ya utafiti wa mbio kusikika, viatu vyembamba vya soli nyepesi vilinunuliwa mno. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, inayotengeneza viatu vyenye vidole, ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wanunuzi waliolalamika kwamba faida zilizotangazwa za kiafya hazikuthibitishwa. Kiatu chembamba si kibaya, lakini hakifundishi mwendo. Mwendo unaubadilisha mwenyewe, na kwa taratibu.

Namna ya kukanyaga

1. Fupisha hatua. Mguu utue karibu na mwili, usiutupe mbali mbele.
2. Weka kisigino kwanza, kwa upole. Tembea juu ya vigae nyumbani usikilize. Ukisikia pu, pu, unapiga, huweki.
3. Uache uzito upite ukingo wa nje wa wayo, kisha nyuma ya vidole. Wayo usianguke wote kwa mara moja.
4. Kidole gumba ndicho cha mwisho kuondoka. Kisukume.
5. Goti lisikakamae, na macho yatazame mbele.

Anza kwa dakika 10 kwa siku, ndani ya nyumba au kwenye mchanga msafi, uongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mwenda pole hajikwai. Ukiumwa kisigino au nyuma ya kifundo, pumzika, na yakizidi nenda hospitali. Mwenye ugonjwa wa sukari asitembee miguu mitupu hata ndani, kwani ganzi humficha kidonda. Na wanaokwenda Umra baada ya fungate waanze mazoezi mapema. Saa'yi peke yake, mizunguko 7 baina ya Safa na Marwa, ni karibu kilomita 3 za sakafu ngumu.

Tumepokea katika hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwaamrisha Masahaba watembee miguu mitupu mara moja moja, na kwamba amekataza kutembea na kiatu kimoja: ama uvae vyote, ama uvue vyote. Humo mna wastani, na kiatu hakikukatazwa.

Kwa biharusi wetu, njoo kupimwa na kiatu ambacho umeshatembea nacho saa nzima nyumbani. Kisigino kipana na kifupi kinaruhusu wayo uviringike. Kama lazima uingie ukumbini na kirefu, mwambie fundi akutilie vitanzi na vifungo ndani ya pindo, ili ukishapiga picha ulipandishe gauni na uvae ndara zako kwa raha. Hakuna atakayeona, na wala usione haya. Mabibi zetu walipigania kuvaa kiatu ili watembee kama watu huru. Hatudhani walikusudia tukivae mpaka tushindwe kutembea.

Mwenyezi Mungu azithibitishe nyayo zetu katika kheri, na azitie baraka nyumba za biharusi wetu wote. Amin.