Kimo cha Pampu

Anayejenga maporomoko madogo kwenye bwawa la uani huanza na mawe, pampu akaifikiria mwisho. Afadhali angegeuza. Kwenye boksi la pampu ya bwawa huandikwa, tuseme, Q max 3000 l/h na H max 3 m. Muuzaji atasoma: "Hii inapandisha mita tatu, lita elfu tatu kwa saa." Kila namba peke yake ni kweli, zikisemwa kwa pamoja zinadanganya. Lita 3000 hupatikana pale maji yasipopandishwa kabisa, na kwenye mita 3 pampu itanguruma bila kutoa hata tone.

H hiyo ndiyo istilahi yetu. Kwa Kiingereza jina lake ni lilelile la kichwa, na mfasiri mvivu huandika "kichwa cha maji" akaenda zake. Wengine husema urefu, na hapo ndipo fundi anapoponzwa, kwa kuwa kazi hii ina urefu wa aina mbili: bomba laweza kuwa na urefu wa mita 8 ilhali maji yanapanda mita 1 tu. Mwinuko tumezoea kuutumia kwa ardhi. Mimi nachagua kimo. Kimo huenda juu tu, na bomba lililolala chini halina kimo.

Kimo cha pampu, basi, ni nishati ambayo pampu huyapa maji kwa kila kipimo cha uzito wake, ikielezwa kwa mita. Sehemu yake ya kwanza ni kimo tuli: kutoka uso wa maji ya bwawa hadi mdomo wa maporomoko. Wengi hupima kutoka pampu ilipolazwa, na hukosea, maana maji yaliyo juu ya pampu nayo yanaisaidia kusukuma. Ya pili ni kimo cha msuguano, yaani kinacholiwa na kuta za bomba, kona na viungio. Hiki hakionekani kwa macho, ila ndicho kikorofi. Punguza kipenyo cha bomba kwa nusu, mtiririko ubaki uleule, na msuguano utapanda takriban mara 32. Mpira mwembamba wa kumwagilia maua huifanya pampu nzima ionekane mbovu.

Jumlisha viwili hivyo upate kimo jumla. Kisha kadiria maji unayohitaji: kwa pazia nene la maji, mafundi wa mabwawa hukadiria lita 150 kwa saa kwa kila sentimita ya upana wa mdomo. Mdomo wa sentimita 30 unataka lita 4500, nazo zipatikane kwenye kimo jumla chako.

Kwa hiyo dukani usiulize inapandisha mita ngapi. Omba mchoro wa pampu unaoonyesha lita kwa kila kimo, tafuta kimo jumla chako, usome lita zilizopo hapo. Muuzaji asipokuwa nao, nenda duka jingine.